Msitu wa Rau, Moshi: nendeni, ila msiwe na haraka

Mkuu, umesema una Jumamosi moja tu Moshi, uko na mama na kijana wako wa miaka tisa, na mnataka kutembea kando ya maji na kutazama ndege bila kupanda mlima wala kukodi gari. Nendeni Msitu wa Rau. Uko kusini mashariki mwa mji, kama kilomita 3 hivi, bajaji inawafikisha. Ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo pitieni ofisini kwanza, mlipe kiingilio, mpewe stakabadhi na mwongozaji. Msikubali njia za panya hata bodaboda akiwaambia ni kawaida.

Mimi ni mkazi wa huku, na Rau naingia karibu kila mwezi. Tambarare za chini ya mji zikikauka na vumbi kutanda, mle ndani bado ni kijani kibichi. Mvua inayonyesha mlimani hupenya ardhini, ikaja kuibuka huku chini kama chemchemi, na maji hayo ndiyo yanayoulea msitu. Kuna mivule ya kutisha kwa unene, na kuna msoo, mti ambao duniani unaota sehemu chache mno.

Sasa ndege. Wengi wakishaona mbega na kupiga picha, wanaondoka. Mara yangu ya kwanza nilitembea saa tatu mfululizo, nikasikia ndege wengi na kuona wachache. Safari iliyofuata mwongozaji mmoja mzee alinikalisha chini ya mvule akaniambia nitulie. Ilikuwa Oktoba. Baada ya nusu saa nikasikia mabawa kabla sijaona kitu, mvumo kama wa mtu anayekung'uta mkeka. Alikuwa hondohondo dume, mweusi, na pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Akatua penye ufa mwembamba kwenye shina, akaanza kucheua matunda, moja baada ya jingine, akiyapenyeza ufani. Jike alikuwa ndani! Akishaingia tunduni huziba mlango kwa udongo anaoletewa na dume, akabakiza upenyo wa mdomo tu, akakaa humo zaidi ya miezi mitatu akiatamia na kulea. Muda wote huo chakula chake kinategemea dume. Na tundu la kumtosha ndege mkubwa hivyo hulipati kwenye mti mchanga. Tangu siku ile, nikisikia msumeno upande wa msituni roho inaniuma.

Basi ingieni mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi muwe mmeshafika. Mama msimzungushe sana. Tafuteni kivuli karibu na maji mkae. Hapo ndipo mdiria anapita kama cheche ya buluu, na fundichuma anasimama kwenye maji ya kina kifupi akitafuta vyura. Mwonyeshe kijana kiota chake: rundo kubwa la vijiti kwenye panda ya mti, mlango uko chini. Hondohondo akiwa na kiota, kaeni mbali, na msimchezee sauti za ndege kwenye simu, atasita kumlisha mwenzake.

Vaeni nguo za rangi iliyofifia, na suruali ziingie ndani ya soksi, siafu wapo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, tope linakuwa zito, kwa mama ningeahirisha. Darubini hata ndogo inasaidia.

Mkitoka msituni, jua likiwa bado halijawa kali, piteni kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini. Yangeyange hujaa pale wakiifuata trekta inayolima, na mama anaweza kuwatazama akiwa amekaa juu ya tuta la mfereji. Mkirudi, tafadhali andika hapa kama hondohondo mmemwona na ni upande gani, maana ule mvule wa Oktoba nimeukuta mtupu mara mbili sasa.