Kabla hujanunua sarafu za gemu kongwe, mwangalie anayeitunza

Mkuu, umeuliza kama uchukue lile furushi kubwa la sarafu kwenye gemu yako ya zamani ya bure, maana kampuni mpya iliyoinunua imeshusha bei nusu. Ushauri wangu ni usubiri kwanza. Nilicheza gemu ya namna hiyo miaka 9, na nilinunua sarafu kwa mkupuo katika wakati kama huu wako.

Uzee wa gemu wala usikutishe. EverQuest ilitoka 1999, ikawekwa bure 2012, na hadi leo watu wanaingia. Jagex, kampuni yenye gemu ya RuneScape, nao 2013 waliwapigisha kura wachezaji, wakairudisha RuneScape ya zamani kutoka nakala ya akiba ya Agosti 2007, na imestawi kweli kweli. Gemu kongwe haina gharama kubwa kuiendesha: inataka seva, yaani kompyuta zinazoiendesha, na mafundi wachache wanaoijua.

Shida huanzia kwa hao mafundi. Kampuni inaweza kununua gemu bila kuwachukua waliouandika msimbo wake, halafu kila kitu kinachoharibika kinabaki vilevile. Sisi tulikuwa na gati la kuvulia samaki. Baada ya sasisho moja, ubao wa tatu ulikosa sakafu: ukiukanyaga unatumbukia chini ya ramani, unaanguka tu mpaka seva ikutoe. Tuliripoti, likaja jibu la mashine. Wiki hiyohiyo dukani wakaongeza mabawa mapya ya kuuza. Gati lilikaa hivyo zaidi ya mwaka, na wachezaji wakongwe wakawa wanapokezana kusimama pale kuwaambia wageni, "Ruka hapo." Nikikumbuka wale watu bado roho inaniuma, maana gemu ilikuwa mikononi mwao kuliko mikononi mwa mwenye nayo.

Kisha wakaunganisha seva. Mhusika wangu akabandikwa namba nyuma ya jina, na sarafu nilizokuwa nimelipia hazikuhamia. Tiketi 4, yaani maombi ya msaada kwa kampuni, niliandika, hakuna binadamu aliyejibu.

Na kuwekwa bure si kinga ya kuzimwa. City of Heroes iliwekwa bure 2011. Mwishoni mwa Agosti 2012 NCSOFT, wenye gemu hiyo, wakatangaza kuifunga, na 30 Novemba seva zikazimwa. Wachezaji wake hawakuiacha, na Januari 2024 kundi lao liitwalo Homecoming likapewa leseni ya kuiendesha. Zaidi ya miaka 11 hiyo! Soma masharti ya gemu yako: mara nyingi utakuta sarafu hazihesabiki kuwa mali yako, umepewa ruhusa ya kuzitumia tu seva ikiwa hai.

Kwa hiyo fungua orodha ya masasisho ya miezi 6 iliyopita, uhesabu hitilafu zilizorekebishwa na bidhaa zilizoongezwa dukani. Angalia kama boti, yaani programu zinazojifanya wachezaji, zimejaa kwenye soko la wachezaji, kwa sababu kuzifukuza ni kazi ya kila siku na mvivu huiacha mapema. Halafu andika tiketi juu ya kitu kidogo tu, uone kama atajibu mtu aliyeisoma. Akijibu, nunua furushi dogo kuliko yote, na sarafu zake zitumie siku hiyohiyo. Hilo punguzo usiogope kulikosa. Kwenye gemu hizi halikawii kurudi.