Kutafsiri mazoea ya Warusi kwa Kiingereza: jibu kwa mnaouliza

Kila mara swali kutoka nyumbani ni lile lile: mtu amemaliza podfak, ule mwaka wa kusoma Kirusi kabla ya kuanza chuo huko Urusi, na Kiingereza alikwenda nacho kutoka shule, vipi ukurasa mmoja wa kutafsiri umlaze macho? Ndugu zangu, unamlaza, na wala si kwa maneno magumu. Anakwama kwenye mambo ya kila siku: mtu amezoea nini, ameacha nini, nini kimemganda.

Chukueni neno privyk. Kwa sura ni wakati uliopita, lakini "ya privyk vstavat rano" maana yake nimezoea kuamka mapema, hadi leo. Mwanafunzi anauona ule wakati uliopita, anaandika "I used to get up early", na maana imepinduka: Mwingereza anaelewa kwamba zamani aliamka mapema, siku hizi haamki. Sahihi ni "I'm used to getting up early", na msisahau ile -ing. Hapa Kiswahili kinatubeba, kwa sababu "nimezoea" hufanya kazi ile ile ya privyk: jambo limeshatokea na hali yake ingalipo. Basi pitisheni sentensi kwenye Kiswahili kwanza. Ikitoka "nimezoea", andikeni "I'm used to". Ikitoka "nilikuwa nikiamka", ndipo "I used to" inapofaa. Kirusi nacho huwa kinadokeza hilo la pili kwa maneno kama ranshe (zamani) au byvalo (ilikuwa kawaida).

Otvyk na brosil huchanganywa sana. Brosil ni kuacha kwa kukusudia: "brosil kurit", "he quit smoking". Otvyk ni mazoea kumtoka mtu yenyewe. Aliyekaa miaka Dar es Salaam akarudi Moscow Januari atasema "otvyk ot moroza", nanyi mtaandika "I'm not used to the cold any more". Ukiweka "gave up" hapo, umeandika upuuzi.

"S neprivychki", yaani kwa kutozoea, halina nomino ya Kiingereza inayolitosha. Miguu inauma kwa kuwa hujazoea kutembea kwenye theluji: "my legs ache because I'm not used to it". Sentensi itarefuka, iacheni irefuke.

Lenye hasara ya pesa ni "bez vrednykh privychek", linalojaa kwenye matangazo ya nyumba za kupanga na ya kazi. Neno kwa neno ni "bila tabia zenye madhara", na wengi huandika "no bad habits". Msomaji wa Kiingereza atawaza kung'ata kucha au kuchelewa kulala. Mrusi anamaanisha hasa sigara na pombe. Andikeni "non-smoker, doesn't drink", la sivyo mpangaji ataingia na pakiti yake mfukoni na ugomvi utafuata.

Povadilsya, yaani kanogewa na kuja kuja, nalo lina lawama ndani yake. Mbweha kanogewa na banda la kuku, jirani kanogewa kuja wakati wa chakula. "Has a habit of coming" ni baridi mno. "Keeps turning up" inabeba ile kero.

Methali ndizo zinazohitaji sikio zaidi. "V chuzhoy monastyr so svoim ustavom ne khodyat": usiingie monasteri ya watu na kanuni zako. Kamusi nyingi zitawapa "When in Rome, do as the Romans do", na sisi tunakumbuka ukienda nchi ya chongo, nawe fumba jicho. Lakini hizo mbili ni ushauri wa upole kwa mgeni, wakati ile ya Kirusi mara nyingi ni karipio. Sikilizeni aliyeisema. Kama mwenye nyumba amekasirika, Roma haimfai. Andikeni "You can't come here and make your own rules".