Kabla hujailaumu printa, itazame karatasi

Mtu akinipigia simu kwamba printa yake inamharibia picha, suali langu la kwanza ni: karatasi umeiweka wapi? Wengi hushangaa. Wameshabadilisha katriji, wameshasafisha kichwa cha printa, kile kinachorusha wino, mpaka wino umeshuka nusu, wameshaifuta programu na kuiweka upya, na muda wote huo karatasi iko juu ya kabati, boksi wazi, dirisha wazi, masika yanamwagika nje. Kuchapa picha nyumbani hapa Chake Chake kumenifundisha kwamba karatasi nene ya pamba ina tabia zake, na kwamba kisiwani kwetu matatizo yake mengi yana mzazi mmoja, nao ni unyevunyevu.

Ninazungumzia karatasi za sanaa, zile za pamba tupu, nzito, zisizong'aa. Photo Rag ya Hahnemühle, ambayo wapiga picha wengi wanaifahamu, ina gramu 308 kwa mita ya mraba, na karatasi ya kawaida ya ofisini ni gramu 80. Pamba hunywa maji ya hewani. Maelezo yanayokuja na karatasi hizi aghalabu yamewalenga watu wanaoishi kwenye hewa kavu, penye unyevu wa asilimia 40 mpaka 60 hivi. Kuanzia Machi mpaka Mei, chumba changu bila kiyoyozi huwa juu sana ya hapo. Ukifuata maelezo yale neno kwa neno bila kuihesabu hewa yetu, utahangaika.

Karatasi zikiwa zimepangwa moja juu ya nyengine, unyevu huingilia kingoni. Kingo hutanuka, katikati pakabaki vilevile, na karatasi ikafanya mawimbi pembezoni. Halafu kuna mpako. Upande mmoja umepakwa dawa ya kupokea wino na wa pili haukupakwa, basi kila upande unakunywa maji kwa kiasi chake na karatasi inajikunja. Kichwa cha printa kinapita juu ya karatasi kwa nafasi ya milimita chache tu. Pembe ikiinuka kidogo, kichwa kinaigusa. Ile michirizi myeusi unayoiona kwenye pembe, au alama ya wino iliyopakazwa ukingoni, hutokana na mguso huo, na kusafisha kichwa hakutaiondoa.

Mpemba yeyote anajua kwamba karafuu inaweza kuonekana kavu juu ya mkeka na bado ina maji ndani, ndiyo maana mtu huivunja kwanza akaisikiliza. Karatasi ya pamba nayo haitaki kukisiwa. Ilaze kwenye meza ya kioo, inama mpaka jicho liwe sawa na meza, itazame kwa ubavu. Ukiona mwanga unapita chini ya ukingo, usiitie kwenye printa. Iweke baina ya karatasi mbili safi, juu yake vitabu vizito, chumba kikiwa kikavu, iache mpaka asubuhi. Kama imejikunja upande mmoja tu, ivingirishe taratibu kinyume cha mkunjo kwenye bomba pana la kadibodi, karatasi safi ikiwa katikati ili mpako usikwaruzike. Usikaze, na usiiache hapo kwa muda mrefu, ama utapata mkunjo mwengine.

Lakini kinga ni rahisi kuliko tiba. Karatasi zangu hukaa ndani ya begi lao la plastiki, begi ndani ya boksi, boksi ndani ya kontena la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu. Nunua vile vinavyobadilika rangi vikishiba maji, ujue wakati wa kuvikausha upya. Toa karatasi moja unapokuwa tayari kuchapa, funga papo hapo. Mwenye kiyoyozi akiwashe saa moja kabla, kwenye hali ya kukausha hewa. Asiye nacho asikate tamaa: achague mchana mkavu wa kaskazi au wa kusi, baada ya adhuhuri, wakati joto limepanda na unyevu wa hewa umeshuka. Alfajiri, na mara tu mvua inapokatika, ndizo saa mbaya kabisa.

Kwenye mipangilio ya printa tafuta sehemu ya karatasi nene, au ya kupanua nafasi baina ya kichwa na karatasi. Itumie. Baadhi ya printa hulazimisha ukingo mpana kwenye karatasi za sanaa na watu hulalamika kwamba wananyimwa nafasi. Mimi naona ni msaada, kwa sababu kingo ndipo karatasi inapoinuka. Hata printa isiyolazimisha, mimi huacha sentimita tatu juu na chini. Picha iliyozungukwa na weupe hupendeza zaidi, na fundi wa fremu hupata pa kushika.

Lishia karatasi moja moja, kwa njia ya nyuma iliyonyooka kama printa yako inayo. Rola zikiteleza, isukume kidogo sana kwa vidole mpaka uhisi imeshikwa, kisha iachie. Ikiwa inateleza kila mara, rola zina vumbi la pamba. Zifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa maji kidogo na kukamuliwa.

Vumbi hilo linastahili kuelezwa vizuri, maana huwatesa watu bila wao kujua. Nilikuwa nachapa picha ya mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe, mlango mkubwa wa mbao iliyokolea, nusu yake kivulini. Ilitoka nzuri. Siku ya pili, kwenye ule weusi wa kivuli, kulikuwa na vitone vyeupe vidogo kama ncha ya sindano. Havikuwepo usiku. Sababu ni kwamba unyuzi wa pamba ulikuwa umelala juu ya karatasi, wino ukaangukia juu ya unyuzi, na unyuzi ulipodondoka uliondoka na wino wake ukaacha weupe chini. Printa haina kosa lolote hapo. Dawa yake ni brashi pana yenye manyoya laini, ambayo hutaitumia kwa kazi nyengine yoyote. Isimamishe karatasi wima, pitisha brashi kutoka katikati kwenda nje, polepole, upande wa mpako. Halafu washa tochi ya simu, imulike karatasi kwa ubavu: kila unyuzi uliobaki utaonesha kivuli chake. Ukiikata karatasi mwenyewe, piga brashi kingo pia, kwa sababu makali ya mkasi huzalisha vumbi jingi kuliko kitu chochote.

Upande upi una mpako? Kwenye karatasi isiyong'aa si rahisi kuutambua kwa macho. Lowesha ncha ya kidole kidogo, gusa pembe moja pande zote mbili. Unaonata ndio wenye mpako. Ukichapa upande wa pili, wino utazama, mistari itatanuka na rangi zitakuwa za tope.

Weusi uliofifia una sababu nyengine pia. Printa nyingi za picha zina nyeusi mbili, moja ya karatasi zinazong'aa na moja ya zisizong'aa. Ukiiambia printa kwamba umetia karatasi ya kung'aa wakati umetia ya pamba, itatumia nyeusi isiyofaa na utapata kijivu cha jivu badala ya weusi. Chagua aina sahihi ya karatasi kwenye dirisha la kuchapa, kila mara. Pamoja na hayo, karatasi isiyong'aa haiwezi kufika weusi wa karatasi inayong'aa, hata ufanye nini. Wengi wetu tumekulia kuzitazama picha za zamani za nyeusi na nyeupe, kama zile za Capital Art Studio pale Kenyatta Road, studio iliyoanza 1930, na jicho letu limezoea weusi mzito wa namna ile. Kwa anayeutaka ushauri wangu ni kuiacha karatasi ya pamba isiyong'aa akatafuta karatasi ya barita, yaani yenye tabaka jeupe la madini ya bari chini ya mpako, na yenye mng'aro mdogo. Kwa picha za ukungu wa asubuhi kwenye msitu wa Ngezi, au wavuvi alfajiri, au kuta za chokaa, naipenda ile isiyong'aa kuliko zote.

Picha ikitoka yenye giza kuliko ulivyoiona, punguza kwanza mwanga wa skrini. Skrini nyingi huwashwa kwa ukali mno. Ikitoka na wekundu wa ajabu, aghalabu rangi zimesimamiwa mara mbili, na programu ya picha na printa kwa pamoja. Mwache mmoja tu asimamie. Tumia programu pamoja na profaili ya karatasi hiyohiyo kwa printa hiyohiyo, yaani faili linaloieleza programu rangi zitakavyotoka kwenye karatasi ile, ambalo watengenezaji wa karatasi hulitoa bure kwenye tovuti zao, na kwa upande wa printa zima usimamizi wa rangi. Kabla ya kutumia karatasi kubwa, chapa kipande kidogo chenye sehemu nyeusi kabisa na nyeupe kabisa za picha yako, kiache kikauke, kisha kitazame mchana karibu na dirisha.

Umeme nao una sehemu yake. Printa huzimwa kwa kitufe chake, ili kichwa kirudi mahali pake na kufunikwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kichwa hubaki wazi na wino hukauka kwenye nozeli, vile vitundu vidogo unakotokea. Printa ya wino hutumia umeme mdogo, kwa hiyo UPS ndogo, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika, inatosha kumalizia ukurasa na kuizima kwa utaratibu. Kama huna, iwashe mara tu umeme unaporudi. Chapa ukurasa mdogo wa rangi kila wiki. Nozeli zikiziba, safisha mara mbili, ukiona bado iache mpaka kesho ndipo ujaribu tena. Kusafisha mfululizo humaliza wino na kujaza sifongo la wino taka.

Ikishatoka, picha isikimbiliwe na kioo. Iache ikauke siku nzima angalau, na wakati wa masika mbili au tatu, ikifunikwa karatasi safi. Mwambie fundi aweke kadi pana baina ya picha na kioo, isiyo na asidi, kwa sababu picha ikigusa kioo kwenye hewa yetu itanata na baadaye itaota ukungu. Nyumba za mawe na chokaa, hasa zile kongwe, zina kuta zinazohifadhi maji. Gundisha vipande vidogo vya koki, lile gome laini la kutengenezea vizibo vya chupa, nyuma ya pembe nne za fremu, hewa ipite baina yake na ukuta.

Kwa anayeanza, nunua boksi la A4 la karatasi 25 badala ya boksi kubwa la bei nafuu. Boksi kubwa likishafunguliwa hapa kwetu, karatasi zake za mwisho zitakuwa zimeshakunywa masika mazima kabla hujazifikia.