Kitabu, vitabu na kutub

Mdogo wangu wa Ujiji, umeuliza kwa nini ustadhi alikusahihisha uliposema wingi wa kitab ni "vitab". Yuko sahihi: Kiarabu husema kutub. Neno hilo limesimama juu ya herufi tatu, kaf, ta na ba, mzizi wa kuandika. Irabu zikibadilika, maana nayo husogea: kataba, aliandika; katib, mwandishi, ndiye huyu katibu wetu wa kijiji. Maktaba unaijua tayari. Sisi tuliisikia ile ki- ya mwanzo tukaipeleka kwenye ngeli ya kiti na viti, tukapata vitabu. Napenda sana jambo hilo! Basi usikariri neno pekee. Andika daftarini mzizi, neno na wingi wake, usome kwa sauti kila baada ya alfajiri.