Usukani wa ngozi uliochubuka: usiutoe kwenye gari

Ndugu, usiufungue huo usukani. Kabla hujatuma hata shilingi mia kwa huyo fundi, soma hapa kwanza.

Umeandika kwamba Mark X yako ngozi imebambuka pale mikono inapokaa, na fundi amekuambia dawa ni kuweka usukani mwingine kutoka Grogan, kule kwa spea kuukuu Nairobi, kazi ya nusu saa. Mimi niligota kwenye hiyo "nusu saa", kwa sababu ndiyo niliyoambiwa mwaka juzi.

Nilinunua usukani uliotoka Japani kwa 9,000, wa Mark X kama yangu, ngozi bado laini. Fundi akataka 1,500. Gari lilikuwa kando ya mtaro, magurudumu ya mbele yamekata kushoto, naye hakuyanyoosha. Betri hakuitoa waya. Alipouchomoa ule wa zamani likabaki kasha la plastiki la mviringo. Akalizungusha kwa kidole huku na huku akiongea na simu, kisha akapachika usukani juu yake na kukaza nati. Nilikuwa nimesimama pale pale nikitazama, na nikamshukuru.

Kasha hilo mafundi huliita klokspringi. Ndani mna utepe mwembamba wa waya uliojiviringa, unaopeleka umeme wa honi, wa vitufe vya redio na wa mfuko wa hewa huku usukani ukizunguka. Una nafasi ya mizunguko mitano hivi kutoka ncha hadi ncha, basi. Kwa hiyo lazima urudishwe katikati: magurudumu yamenyooka, unalizungusha kasha polepole hadi likaze, unalirudisha kama mizunguko miwili na nusu, alama zikutane. Ukikosea hapo, usukani hukaa sawa na gari huondoka vizuri kabisa. Utepe unangoja siku utakapokata kona hadi mwisho.

Siku yangu ilikuwa ya tatu. Naingia geti la ploti Umoja, nakata kulia mpaka usukani ukagoma, nikasikia *krrk* chini yake, kama mtu anachana kadibodi. Honi kimya. Vitufe vya redio vimekufa. Kwenye dashibodi taa ya mfuko wa hewa imewaka na haizimi.

Nikampigia yule fundi. "Hiyo ni sensa tu, itazima yenyewe." Nikamwamini! Wiki hiyo hiyo nikawabeba watoto hadi Naivasha na kurudi, taa ikiwaka njia nzima. Taa ile ikiwaka maana yake mfumo umeona hitilafu, na ukigonga, mfuko huenda usifunguke. Kila nikikumbuka ule mteremko wa Mai Mahiu, malori mbele na nyuma, nakasirika upya. Mtu anayesema "sensa tu" juu ya kitu kinacholinda uso wako asishike spana. Nilipomrudia akadai waya ulikuwa mzee, akanigeuzia mgongo akaendelea na gari la mwingine.

Klokspringi nyingine 14,000. Kusomesha gari kwa kompyuta na kufuta hitilafu 2,000. Jumla 26,500, kwa ngozi iliyochubuka sehemu mbili zisizozidi kiganja.

Na huo usukani kuukuu mara nyingi huja na mfuko wake. Mifuko ya hewa ya Takata, kampuni ya Japani, ilipasuka ikarusha vipande vya chuma, watu wakafa, mamilioni ya magari yakaitwa kurekebishwa, kampuni ikafilisika 2017. Rundoni kwenye spea utajuaje ulichoshika kilitoka gari gani?

Ngozi ndiyo iliyochoka, si usukani. Basi itibiwe usukani ukiwa mahali pake. Funika dashibodi na vitufe kwa selotepu ya karatasi. Sugua ngozi kwa brashi laini ya meno na maji ya sabuni kidogo; kitambaa changu cheupe kilitoka na rangi ya chai ya rangi mara nne kabla ya kutakata. Ikikauka, pangusa kwa spiriti, piga msasa namba 800 mpaka kingo za magamba zisisikike kwenye kidole. Mashimo yazibe kwa filla ya ngozi, nyembamba. Halafu rangi ya ngozi kwa spongi, mkono mwepesi, mara tatu au nne, kila safu ikauke kwanza, na mwisho klia isiyong'aa, ile ya kukinga rangi.

Rangi ya viatu usiguse. Ni nta, kiganja kikipata joto inayeyuka, unateleza na shati linachafuka. Sanitaiza nayo ilitumaliza tangu 2020: alkoholi inalainisha ile ngozi ya juu, kisha unaisugua kwa mkono wako mwenyewe. Iache ikauke kabisa kabla hujashika usukani.

Kama imechanika hadi sponji ya ndani inaonekana, tafuta fundi wa viti vya magari anayeshona ngozi mpya juu ya usukani kwa mkono, ukiwa garini. Akikuambia lazima aufungue, chukua ufunguo wako uondoke.

Klia ikishapakwa, liache gari. Langu lilikaa tangu Jumamosi jioni, na Jumatatu nikaenda kazini kwa matatu.