Unga wa chupa na baridi yabisi

Swali: Daktari, nina miaka 38. Kwa miezi mitano vidole vya mikono yote miwili vimevimba, na kila asubuhi hukakamaa hadi jua likwee. Hata vifungo vya sare ya mwanangu siwezi kuvifunga. Hospitali wamesema ni baridi yabisi na kuniandikia methotrekseti. Mama mkwe anasema ni maji baridi ya kufulia. Muuza dawa za asili amenipa unga, na siku ya pili maumivu yakaisha. Je, niendelee nao?

Jibu: Dada yangu, jina la ugonjwa huu limewapotosha wengi, lakini hauletwi na maji baridi, ni kinga ya mwili inayougeukia mwili wenyewe na kuushambulia utando wa ndani wa viungo.

Linalonihangaisha ni huo unga. Dawa inayoitwa ya mitishamba, kisha ikayaondoa maumivu ya baridi yabisi ndani ya siku mbili, naishuku papo hapo kuwa imetiwa steroidi iliyosagwa, yaani dawa kali ya hospitali ya kushusha uvimbe, kama deksamethazoni au prednisoloni, kwa kiasi asichokijua hata huyo anayeiuza. Wagonjwa huniletea unga huo katika chupa ya maji isiyo na lebo, wakiusifu, ilhali uso umekwisha kufura na presha na sukari zimepanda. Steroidi hata sisi huandika, lakini kwa kipimo kidogo, kwa muda mfupi, na kwa kufuatilia. Maumivu yanaweza kutulia huku gegedu, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, na mfupa vikiendelea kuliwa, na mfupa ulioliwa haurudi.

Hata hivyo, kama umeutumia kwa wiki kadhaa, usiuache ghafla, kwa kuwa tezi zilizo juu ya figo huenda zimezoea kutofanya kazi, na kukatiza kwa mkupuo kunaweza kukuangusha. Nenda na chupa yenyewe hospitali wiki hii, wakupange namna ya kuuacha.

Methotrekseti, dawa inayoituliza hiyo kinga ya mwili, ianze kwa usimamizi wa daktari wako, pamoja na vidonge vya foliki na vipimo vya damu na ini, na usishike mimba ukiwa unaitumia. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi yake, na hapo ndipo wengi hukata tamaa: huyu hurudia unga, yule huamua kumeza kila siku ili apone haraka. Dawa hii kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa WIKI. Kuimeza kila siku huharibu uboho unaotengeneza damu, na watu wamekufa kwa kosa hilo.