Uliza Wakili: Wakili wa muuzaji anatosha?

SWALI: Habari wakili. Mimi na mzee wangu tumepata ploti huku Kitengela, muuzaji anasema tusiharibu pesa kutafuta wakili, wake atatuandikia agrimenti, na anataka dipoziti leo jioni. Tulipe? – Mama Brian

JIBU: Mama Brian, tafadhali msitoe hata shilingi leo. Huyo wakili analipwa na muuzaji, sasa kukitokea shida atasimama na nani? Tafuteni wenu, na kabla hamjampa kazi ingieni kwa tovuti ya LSK, chama cha mawakili wa Kenya, muandike jina lake muone kama ako na leseni ya mwaka huu, maana kuna watu wako na ofisi safi na mihuri na si mawakili kabisa, hii imeumiza watu sana. Bei ya huyo wakili pia muandikiane mapema.

Akishaanza, afanye sachi ya hati, yaani aangalie rekodi za ardhi, aone ploti ni ya nani kweli na kama kuna loni ya benki ama kaveti, yaani zuio la kuuza. Ikiwa bado inahesabika kama shamba, lazima konsenti (ruhusa) ya bodi ya ardhi iombwe ndani ya miezi 6 tangu msaini, bila hiyo agrimenti haina nguvu. Kama ni boma la familia, mke wa muuzaji pia akubali kwa maandishi.

Dipoziti kawaida ni 10% ya bei, ikae kwa akaunti ya mawakili, si mfukoni mwa muuzaji. Na wekeni kando ushuru wa stempu, 4% ya thamani ya ploti mjini, 2% mashambani, huo ni wenu nyinyi wanunuzi.